Mbuzi huazimwa, nazi hukopwa

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Ngamiani hapa Tanga, na huu ni mwaka wa nne nikiwa katibu wa kikoba chetu cha akina mama. Tuko 24. Tunakutana kila Jumamosi alasiri barazani kwa mweka hazina, tunanunua hisa, tunakopeshana, na marejesho yanaingia kwenye sanduku lenye kufuli tatu. Funguo wanakaa nazo watu watatu mbalimbali. Miaka yote hiyo haijapotea hata shilingi moja, nalisema hilo mbele ya Mungu.

Mwaka huu shirika moja lililotupa mafunzo ya utunzaji wa hesabu lilituomba taarifa ya mwaka kwa Kiingereza, ipelekwe kwa wafadhili wao huko nje. Kikundi kizima ni mimi niliyemaliza kidato cha nne, basi kazi ikaniangukia. Niliiandika usiku, watoto wamelala, kamusi ndogo iko pembeni. Nilijitahidi sana, Mwalimu. Sentensi mbili ndizo zilizoniangusha. Ya kwanza: "This year the group borrowed 4,600,000 shillings to members." Ya pili: "The group owes members 900,000." Nilichotaka kusema ni kwamba kikundi kiliwakopesha wanachama milioni 4 na laki 6, na kwamba bado tunawadai laki 9 ambazo muda wake wa kurejeshwa haujafika.

Baada ya wiki mbili majibu yakaja. Wanauliza kikundi kimekopa wapi milioni 4.6, kwa idhini ya nani, na imekuwaje kinadaiwa na wanachama wake wenyewe. Awamu ya pili ya mafunzo, wakasema, inasimama mpaka wapate maelezo. Barua ilimfikia mwenyekiti kwanza, akatafsiriwa na kijana wa jirani. Jumamosi ile nafika barazani, nakuta watu kimya. Mwenyekiti akaniuliza mbele ya wote, "Katibu, umekopa kwa jina letu?" Mama mmoja akasema kukopa harusi, kulipa matanga, na wenzake wakatikisa vichwa. Wengine wakaanza kuulizia hisa zao. Yuko ambaye mtoto wake nilimpokea kwa mikono yangu siku alipozaliwa. Siku hiyo hakunitazama usoni.

Nimeeleza, lakini kila nikieleza naonekana natunga. Nimerudi kwenye kamusi: "borrow" imeandikwa azima, kopa. "Lend" imeandikwa azima, kopesha. Sasa kama zote mbili ni kuazima, kosa langu liko wapi? Na hiyo "owe" je? Niache ukatibu?

Jambo jingine dogo. Binti yangu wa darasa la sita ameniuliza kama akiwa darasani aseme "Can you borrow me your pen?" Nimeogopa kumjibu.

Katibu mwenye fedheha,
Ngamiani, Tanga

*

Marahaba mwanangu.

Usiache ukatibu. Nalitanguliza hilo kwa sababu najua ndilo lililokuwa linakukosesha usingizi. Hesabu zako ni safi. Kilichopinduka ni vitenzi viwili vya Kiingereza, na vitenzi hivyo nimeviona vikipinduka mikononi mwa watu wenye shahada zao, tena kwenye barua za ofisi zenye mihuri.

Kamusi yako nayo haikukudanganya. Tuanzie jikoni, maana ndiko kosa lilikozaliwa.

Saa tano asubuhi, jirani anabisha hodi. Ameshika sahani, kanga kaifunga kiunoni. "Dada, niazime mbuzi." Unampa mbuzi ya kukunia nazi, ile ambayo ubao wake umeng'aa kwa kukaliwa na meno yake yameanza kushika kutu. Alasiri anairudisha, na kwenye meno bado kumenasa nyuzi mbili tatu za nazi. Jioni ukisimulia unaweza kusema, "Jirani ameazima mbuzi kwangu." Unaweza pia kusema, "Nimemwazima jirani mbuzi." Tazama vizuri: aliyepokea ameazima, na wewe uliyetoa umemwazima. Kitenzi ni kile kile. Kinachotwambia mbuzi ilitoka mkono gani ikaenda mkono gani ni kile kisilabi kidogo katikati, "-mw-" cha nimemwazima, au mwanzoni, "ni-" cha niazime. Sisi tumezaliwa tunakisikia, wala hatuhangaiki.

Kiingereza hakina kisilabi hicho, kina vitenzi viwili vilivyo mbalimbali kabisa. Mwenye mbuzi, "lend". Anayekuja kuichukua, "borrow". Hakuna siku ambayo kwenye Kiingereza cha barua na cha shule mwenye mali ndiye ana-"borrow". Kwa hiyo mtu aliyeizoea azima yetu, ambayo inaenda na kurudi, akikutana na "borrow" huitendea hivyo hivyo: anaitumia kwenda, anaitumia kurudi. Wewe ulifanya hivyo, na ndiyo maana ukaongeza "to members" mwisho. Lile "to" lilikuwa linasema kweli, kwamba fedha zilikwenda kwa wanachama. Lakini msomaji akiona kitenzi kinasema hivi na kihusishi kinasema vile, huamini kitenzi. Akasoma: kikundi kimekopa.

Kinachonisikitisha ni kwamba kwenye fedha Kiswahili chako kilikuwa tayari kimekuonyesha njia. Kwenye fedha hatusemi kuazima, tunasema kukopa, na kukopa hakuendi pande zote mbili. Anayepokea anakopa, anayetoa anakopesha. Hiyo "-esha" ndiyo "lend" yenyewe! Ungeshika kopa na kopesha mkononi, kisha ukatafuta Kiingereza cha kila moja, usingepotea. Ulipita njia ya azima kwa sababu kwenye kamusi ndiyo iliyotangulia mstari.

Hapa niruhusu nikae kidogo, maana jambo hili nalipenda na watu hupita juu yake. Yule jirani wa mbuzi, kesho yake anakuja tena. Safari hii hana nazi. Unampa nazi moja. Je, keshokutwa atakurudishia nazi ile ile? Haiwezekani, ameshaikuna, ameshatia tui kwenye samaki, watoto wameshakula. Atakuletea nazi nyingine inayolingana na ile. Ndiyo maana wazee wetu wa pwani wana maneno mawili: mbuzi huazimwa, nazi hukopwa. Kinachorudi chenyewe kinaazimwa: baiskeli, mbuzi, kanga ya kwendea harusini, ngazi ya kupandia paa. Kinachotumika kikaisha, kikarudi cha mfano wake, hukopwa: fedha, unga, nazi. Najua wapo wanaosema "niazime sukari", na simkatazi mtu, maana hapo ni adabu: anaogopa neno kukopa lisimfanye aonekane mdeni. Lakini tofauti ipo, na sisi tunaisikia.

Mwingereza haisikii. Mbuzi kwake ni "borrow", nazi ni "borrow", milioni 4 ni "borrow". Kinachorudi si hoja yake. Hoja yake ni mkono umeelekea wapi, unatoa au unapokea. Sisi swali letu la kwanza ni kitarudi nini. Ukilishika hilo, kila utakapofika kwenye maneno haya utajua unapaswa kusahau nini cha kwenu na kuuliza nini cha kwao.

Sasa njia ya kujipima, ile niliyokuwa nawapa wanafunzi wangu. Kabla hujaandika, weka kwanza neno "give" au neno "take". Kikundi kilitoa au kilichukua? Kilitoa, "gave". Basi ni "lend". Mwanachama alitoa au alichukua? Alichukua, "took". Basi ni "borrow". Na vihusishi vinafuata huko huko: unampa mtu, "give to", kwa hiyo "lend to", unachukua kwa mtu, "take from", kwa hiyo "borrow from". Ukijikuta umeandika "borrow to" au "lend from", simamisha kalamu, kuna kitu kimepinduka. Wakati uliopita wa "lend" ni "lent". Usiandike "lended".

Kwa kuwa wewe ni mtu wa kikoba, nikupe na kumbukumbu ya kikoba. Mwanachama akitaka mkopo mnamwambia alete nini? Wadhamini. Neno "borrow" katika Kiingereza cha kale limetoka kwenye "borg", nalo lilikuwa na maana ya dhamana. Anaye-"borrow" ni yule anayeleta wadhamini. Kikundi chenu hakikuleta wadhamini kwa mtu yeyote, kwa hiyo hakikufanya "borrow". Na "lend" ni ndugu wa damu wa "loan", yaani mkopo: zamani hata hiyo "d" ya mwisho haikuwepo. Aliyetoa "loan" ndiye aliye-"lend", na herufi zinaanza moja.

Tuje kwenye sentensi ya pili, ambayo ilikuumiza kuliko ya kwanza na wewe umeiulizia kwa neno moja tu. Sisi tuna kudai. "Namdai" ni neno moja, limetosha: fedha zangu ziko kwake. "Ananidai" ni kinyume chake. Kiingereza cha kila siku hakina kitenzi cha namdai. Kina "owe" peke yake, na "owe" ni kitenzi cha mdaiwa, daima. Mwenye deni ndiye anayetangulia. Kwa hiyo ukitaka kusema namdai, lazima uigeuze sentensi na kumtanguliza yeye: "She owes me." Wewe ulitafsiri "kikundi kinawadai wanachama" neno kwa neno, kikundi kikatangulia, na hapo hapo kikageuka mdaiwa. Mwenye kusoma akaona kikundi kimekopa milioni 4.6 na bado kinadaiwa laki 9 na akina mama. Mwanangu, hata mimi ningeuliza.

Usidhani ni Waswahili peke yetu tunaoteleza hapa. Mjerumani ana kitenzi kimoja, "leihen", kinachoenda pande zote mbili kama azima yetu. Hapa hapa Tanga ndipo serikali ya Wajerumani ilipofungua shule yake ya kwanza, mwaka 1892, na neno lenyewe shule tulilitwaa kwao. Wajerumani wakijifunza Kiingereza huteleza pale pale ulipoteleza wewe. Marekani nako, kwenye majimbo ya kaskazini ya kati walikohamia Wajerumani wengi, utasikia watu waliozaliwa na Kiingereza wakisema "borrow me". Kwenye taarifa ya fedha hawaandiki hivyo, nawe usiandike. Na Kiingereza chenyewe kina azima yake: neno "rent". Mwenye nyumba ana-"rent" na mpangaji naye ana-"rent". Sisi tuna kupanga na kupangisha, hatuchanganyi. Hapo wao ndio wanaolazimika kuangalia "to" na "from" kujua nani analipa kodi.

Basi, kazi. Sentensi zako zisomeke hivi: "This year the group lent 4,600,000 shillings to its members. The members have repaid 3,700,000 shillings. They still owe the group 900,000 shillings, which is not yet due." Ile ya katikati nimeiongeza mimi, nimetoa laki 9 kwenye milioni 4 na laki 6. Thibitisha kwenye daftari, na kama mnatoza riba, iandike peke yake usiichanganye humo. Taarifa yako haikutaja marejesho, na marejesho ndiyo yangemshtua msomaji kwamba kuna neno limekaa kinyume, maana hakuna kikundi kinachopokea marejesho ya fedha kilizozikopa.

Barua ya kusahihisha iwe fupi. Usijieleze maisha yako, wala usiombe radhi mara tatu. Anza: "In our report two sentences were reversed by mistake. The group has not borrowed any money from anyone." Kisha weka sentensi tatu za juu, na uambatanishe picha ya ukurasa wa daftari wenye jumla. Chini iwe sahihi yako, ya mwenyekiti na ya mweka hazina. Sahihi tatu, kama kufuli za sanduku lenu.

Na wakati ujao, mwanangu, andika taarifa kwa Kiswahili kwanza, mwenyekiti aisome, wanachama waisikie, waipitishe. Kiingereza kiandikwe chini yake, na zote mbili zipelekwe pamoja. Nalisema hili kwa uchungu kidogo, kwa sababu nimeona vikundi vingi vya akina mama vikisomewa hesabu zao kwa lugha ambayo wenye fedha hawaielewi, halafu mtu mmoja aliyesoma kidato cha nne anabebeshwa mzigo wa wote. Shirika lililowafundisha hesabu kwa Kiswahili linaweza kupokea hesabu kwa Kiswahili. Ukishamaliza Kiingereza, mpe mtu mwingine anayekijua akusomee kwa Kiswahili kwa sauti, bila yeye kuona ulichokusudia. Angekusomea "kikundi kilikopa", ungekamata kosa usiku ule ule.

Jumamosi ni ngumu zaidi kuliko barua, najua. Usiende na Kiingereza barazani. Ukianza kueleza "borrow" na "lend" mbele ya watu waliokasirika, itaonekana umekuja na ujanja wa shule. Nenda na karatasi kubwa na kalamu ya wino mzito. Mwombe mwenyekiti ruhusa, kisha sema, "Akina mama, kila mmoja aniambie mwaka huu amekopa kikobani kiasi gani." Aliyekopa laki 2 atasema laki 2, aliyekopa laki 3 na nusu atasema, nawe unaandika mstari kwa mstari. Mweka hazina awe na daftari, akihakiki. Jumla isipigwe na wewe, mpe yule mama wa kukopa harusi, kulipa matanga. Akishajumlisha atafika milioni 4 na laki 6. Ndizo hizo hizo mnazotafuta zilikokopwa: zimetoka kwenye sanduku, zikaenda kwa walioketi hapo, na nyingi zimesharudi. Ukimaliza ndipo useme, kwa sentensi moja tu, kwamba kwenye Kiingereza uliandika kukopa ukikusudia kukopesha, na kwamba barua ya kusahihisha iko mkononi inangoja sahihi mbili. Watu wa kikoba wanajua uzito wa hiyo "-esha". Hutahitaji kuwatafsiria.

Yule aliyekataa kukutazama, usimngojee barazani. Mwendee nyumbani kabla ya Jumamosi, jioni, bila karatasi.

Binti yako mwambie kuna namna mbili na zote ni sahihi. Akijitanguliza yeye: "Can I borrow your pen?" Akimtanguliza mwenzake: "Can you lend me your pen?" Ile ya "borrow me" aiache. Kama atashika moja tu kwa sasa, ashike ya kwanza, maana ni nyepesi ulimini na ndiyo atakayoitumia zaidi akiwa darasani. Na kalamu inaazimwa, haikopwi. Hilo nadhani analijua tayari.

Mwalimu